Bakuli la Bibiana

Fumbo la nne hakuliweka Amon.

Alikuwa kibandani kwake pale Mikumi, anabadilisha kioo cha simu ya mteja, simu yake mwenyewe ikaanza kulia mfululizo. Kundi lake la Telegram lilikuwa limechachamaa. Yeye ndiye aliyelianzisha: mchezo wa kumtafuta mwanamke aliyepotea, mtu wa kubuni, ambaye dalili zake Amon alizificha kwenye picha, ramani na vipande vya sauti. Watu kuanzia Dar hadi Dodoma walizichambua kama wanalipwa. Sasa walikuwa wanachambua sauti mpya.

"Nimeshatoka Masanze," ilisema. "Nipo njiani. Nakuja kwa miguu hivyo hivyo."

Chini yake Agatha, mama ntilie wa Dumila ambaye hakuna fumbo lililowahi kumshinda, alikuwa ameandika: "Admin, leo umetisha. Huyu dada anaongea kama kweli."

Amon aliifuta. Ikarudi. Akakiweka chini kioo cha mteja, maana sauti ile aliijua.

Ngoja niseme mimi, kwa sababu yeye hakuwahi kuwaambia wachezaji wake. Mwanamke wa mchezo hakuwa wa kubuni. Alikuwa Bibiana, mkewe. Alikwenda kwao Masanze kusalimia, mimba ikamtoka hukohuko, damu ikagoma kukatika, akawa anamtumia mumewe sauti moja baada ya nyingine: Amon, njoo unichukue. Amon, nazidiwa. Amon alizisikiliza zote, wala hakujibu hata moja. Alikuwa na Raheli, hawara wake, hakutaka kuharibiwa starehe. Msibani akaja kulia kuliko wafiwa. Mwanaume yule hakuwa na haya.

Mchezo ulipohitaji sauti ya mwanamke, akachukua zilezile, akakata pale alipotajwa jina, akazigawa mafumbo. Hata hapo labda angesalimika. Kilichomponza ni bakuli. Kwa kina Bibiana, mtu akizikwa, bakuli alilokuwa akinywea uji hutobolewa kitakoni na kuachwa juu ya kaburi, ili ajue kwamba riziki yake sasa iko kule, nyumbani asirudi. Amon alilibeba kutoka kaburini apigie picha za mchezo. Tundu likamkera, si fundi bwana. Akaliziba kwa gundi ya vioo vya simu, akalisugua, akaliweka kabatini. Mtu mzima na akili zake.

Jioni ile alimkuta Raheli amekaa nje, kibarazani, begi likiwa miguuni.

"Nani kapika uji?" Raheli aliuliza kwa sauti ya chini.

"Uji gani?"

"Nyumba nzima inanuka uji wa ulezi. Na kabatini kuna kijiko kinakwangua, Amon. Tangu mchana. Nikisogea kinanyamaza, nikirudi nyuma kinaanza."

"Panya hao."

"Panya hawatumii kijiko. Mimi nakwenda kwa mama."

Akaenda. Simu ikalia tena, sauti nyingine ikaingia kundini. "Naona taa za Mikumi." Watu wakashangilia. Amon akampigia mama mkwe wake, Mama Elizabeti, ambaye hakuwa amempigia tangu mazishi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bakuli la mwanangu liko wapi?"

"Ninalo mimi, mama. Nimelitumia pamoja na sauti zake kwenye mchezo wa mtandaoni, utani tu."

"Umeliziba?"

"Nimeliziba."

Mama yule alivuta pumzi. "Litoboe, ulirudishe leo hii. Na hao watu wako waambie sauti ile ni ya nani, na wewe ulikuwa wapi alipokuita. Ukifanya yote mawili atakuacha uishi."

"La bakuli nitafanya, mama. Hilo lingine..."

"Basi mngoje," alisema, akakata.

Amon alilitoa bakuli, likiwa la moto. Akalitoboa kwa bisibisi, akalifunga kwenye kanga ya Raheli. Akaandika kundini: "Ile sauti ni ya mke wangu." Akaitazama sentensi hiyo. Akatazama idadi ya wanakundi, watu wote wale wanaomwita bingwa, fundi, kichwa. Akaifuta. Akaandika: "Fumbo la mwisho linakuja, kaeni mkao wa kula."

Mlango ukajifunga.

Alivuta kitasa, hakikugeuka, akaita majirani na majirani wakaendelea na mazungumzo yao upande wa pili wa ukuta kana kwamba nyumba ile haina mtu, na harufu ya uji ikapanda mpaka ikamkaba kooni, na kanga ikaanza kulowa damu pale mkononi mwake, na nyuma yake kijiko kikakwangua taratibu, kikasogea, kikakwangua tena karibu na sikio lake, na sauti aliyoikatakata yeye mwenyewe kwa simu yake ikamwambia, nzima sasa, jina lake likiwemo, "Amon, nimekuja mwenyewe."

Akabonyeza kitufe cha kurekodi, akatuma kundini. "Jamani, njooni mnichukue. Si mchezo. Naombeni, nazidiwa."

Majibu yalimiminika. "Nimesisimka." "Jamaa anajua kuigiza huyu." Agatha aliandika: "Sikilizeni nyuma, kuna kijiko. Jibu liko kwenye kijiko."

Majirani walivunja mlango asubuhi. Walimkuta amekaa mezani, mdomo umejaa uji mpaka puani, na simu mkononi bado inaingiza ujumbe. Bakuli halikuwepo. Mama Elizabeti alilikuta Masanze, juu ya kaburi, limegeuzwa, tundu liko wazi.

Kundi bado lipo. Kila jioni inaingia sauti mpya, ya Amon, anaomba achukuliwe, na watu wanaisikiliza wote mpaka mwisho, wanaisifu, kisha wanakwenda kulala.