Asali ya Ulyankulu

Stendi ya Tabora ilichangamka asubuhi ile, wapiga debe wakiita abiria wa Mwanza, lakini Zablon alimwona mtu mmoja tu. Esperansi alivaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa sawasawa, na madumu yake ya asali aliyapanga vizuri kama vyombo kabatini. Zablon, mkaguzi wa mazao yanayotoka mkoani, alimwuliza lebo ziko wapi.

"Zinachapwa, bosi. Wewe onja kwanza."

Akaonja. Tangu hapo akawa hana ujanja.

Miezi ikapita simu haibanduki sikioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje na wewe uko Ulyankulu?"

"Basi utakonda, nikuache."

Zablon aliupenda ulimi ule, na zaidi aliipenda kazi ya mikono ya binti huyo. Esperansi alirina mwenyewe, akachuja mara mbili, wala hakuwahi kutia sukari kwenye asali hata soko lilipokuwa baya.

Siku ya mzigo mkubwa wa Mwanza, lebo zilikuwepo, safi kabisa. Zilisema: Asali ya Tabora.

"Kanuni inataka kijiji ilikorinwa," Zablon alisema. "Andika Ulyankulu."

"Nikiandika hivyo, wanunuzi wanakumbuka makazi ya wakimbizi wa Burundi, wanauliza kama sisi bado wakimbizi. Nimezaliwa hapa, Zablon. Niachie leo tu."

Hakumwachia. Basi likaondoka bila mzigo, na Esperansi hakupokea simu zake tena.

Zablon alijikaza, akashindwa, akapanda pikipiki hadi Ulyankulu. Baba wa Esperansi, Mzee Viktori Nibitanga, alikuwa kibarazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeuzuia mzigo wa mwanangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Angalau husemi uongo. Yuko uani."

Alimkuta anachuja asali, kanga kiunoni, mikono inang'aa. Zablon alimtazama akajua hawezi kuondoka bila yeye.

"Asali yako inazishinda zote ninazokagua," alisema. "Sitaki ifichwe inakotoka."

Esperansi akaweka chujio chini. "Mama yako kule Kwihara, ulimwambia mimi ni wa wapi?"

Zablon alikuwa amemwambia mama yake kwamba ni binti wa Tabora mjini. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Mimi naificha asali," Esperansi alisema taratibu. "Wewe unanificha mimi."

Zablon alitoa simu, akaweka spika.

"Shikamoo, mama. Yule mchumba si wa mjini. Ni binti wa Mzee Nibitanga wa Ulyankulu, wazee wake walitoka Burundi. Nilikudanganya. Nataka kumwoa."

Mzee Viktori alikuwa amesogea mlangoni.

"Ni Mmoraviani mwenzetu?" mama akauliza.

"Mkatoliki, mama."

"Hilo ndilo litakalonisumbua." Mama akashusha pumzi. "Haya, mpe simu mkwe wangu."

Esperansi alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea.

"Shikamoo, mama," alisema, na machozi yakamtoka. "Naitwa Esperansi. Natokea Ulyankulu."