Sauti Isiyorekodika

Haya yalimpata binamu yangu Mumbi, binti wa shangazi yangu, na mimi nilikuwepo. Nasema mapema ili mtu asidhani nasimulia ya kusikia. Yangekuwa ya kusikia, ningekuwa nalala vizuri.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa Machi, katika fleti tunayoishi pamoja Ilford, Uingereza, ghorofa ya nne. Tulikunywa chai, tukaosha vikombe, tukasukuma meza ya jikoni hadi dirishani. Mumbi alitaka kutengeneza video ya sekunde thelathini ya kutangaza mafuta yake ya nywele. Rasik, mwenye duka la vipodozi karibu na stesheni, alikuwa amemwahidi rafu nzima akileta video nzuri ya kuweka kwenye ukurasa wa duka. Na Mumbi alikuwa amechoka kazi ya kutunza wazee. Miaka kumi na mmoja ya kuinua watu wasio wake, mgongo ulikuwa umekwisha.

Studio hatukuwa nayo. Tulikuwa na simu yake juu ya stendi, kimaiki kidogo cha kubana kwenye kola, na karatasi ya kuokea keki tuliyobandika kwenye kioo ili mwanga usiwe mkali. Mimi nilishika ubao mweupe upande wenye kivuli, chupa isionekane nyeusi. Basi. Picha tatu tu: chupa peke yake, mikono ikimimina mafuta, kisha uso wa Mumbi akieleza.

Picha mbili za kwanza zilitoka vizuri mno. Mafuta yalishuka polepole, rangi ya asali. Mumbi akacheka, nami nikacheka.

Lakini lazima niseme yalikotoka mafuta hayo.

Yalikuwa ya Sidonie, mwanamke wa Lubumbashi aliyefanya kazi na Mumbi katika nyumba ya wazee kule Barking. Alimwita Mumbi yaya, maana kwao yaya ni dada mkubwa. Sisi Wakenya tulimcheka, kwa sababu kwetu yaya ni mfanyakazi wa kulea watoto. Hakukasirika, aliuliza tu, "Juu ya nini munacheka?" Alikuja kila Jumapili, akachemsha mbegu na majani yake kwenye jiko letu, akatufundisha kipimo. Figo zilipomshinda, tulikwenda wote wawili kumwona hospitalini. Alimshika Mumbi mkono.

"Yaya, mafuta ni yako sasa. Ukiuza, utaje jina yangu. Ni hiyo tu."

"Nitalitaja," Mumbi akasema.

Sidonie alikufa Novemba. Lebo zilipotoka kwa mchapaji, mwezi wa Februari, ziliandikwa jina moja: Mumbi. Niliziona. Nilizibandika mwenyewe kwenye chupa, moja baada ya nyingine, na sikufungua mdomo. Nilijiambia marehemu hasomi.

Sasa picha ya tatu. Mumbi alikaa vizuri, akatazama simu.

"Nywele zako zinakatika? Jaribu mafuta haya. Ni siri niliyoachiwa na nyanya yangu."

Tukasikiliza. Swali lilisikika. "Jaribu mafuta haya" ilisikika. Halafu midomo yake iliendelea kwenda bila sauti. Friji ilisikika ikinguruma. Basi lilisikika likipita chini barabarani. Mumbi hakusikika.

"Kimaiki kimelegea," alisema.

Tukakibana upya. Tukarudia. Pale pale, kimya. Tukakitoa, tukatumia simu peke yake. Kimya. Nikampa simu yangu. Kimya.

"Sema kitu kingine," nikamwambia.

Akahesabu hadi ishirini. Kila namba ilisikika.

Mara ya tano aliisema sentensi ile polepole, akiwa amekunja uso, kama mtu anayegombana. Tulipoicheza, nilivaa visikilizi masikioni mimi. Friji. Basi. Midomo yake ikatembea. Na ndani ya ule ukimya, karibu kabisa na sikio langu, mtu akavuta pumzi.

Kisha akasema, kwa upole.

"Yaya, juu ya nini hautaji jina yangu?"

Niliviweka visikilizi mezani. Mumbi alinitazama, akavichukua, akairudisha nyuma, akasikiliza. Uso wake haukubadilika. Hicho ndicho kilichonitisha zaidi.

"Futa," akanong'ona.

"Mumbi, huyo ni—"

"Najua ni nani. Futa, Shiku."

Nikafuta. Alasiri hiyo akaondoa sauti yote kwenye video, akaweka muziki, na maneno yake akayaandika chini ya picha. Siri ya nyanya yangu. Jioni ilikuwa kwenye ukurasa wa Rasik. Watu waliipenda. Rafu ilijaa, ikaisha, ikajazwa tena. Mumbi aliandika barua ya kuacha kazi. Kwa wiki tatu nilimwona akiwa na furaha, na ninakiri nilimwonea wivu.

Wiki ya nne, Jerioth alinipigia. Jerioth ni mke wa kaka yake Mumbi, anaishi na shangazi kule Nyandarua. Shangazi ni mzee, macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, ujumbe wa kuandikwa haumfai. Anaishi kwa sauti za watoto wake.

"Mwambie Mumbi aache kumtumia mama ujumbe mtupu," Jerioth alisema. "Anasikiliza, hakuna kitu, analia."

Nikamwambia Mumbi apige simu mbele yangu. Alipiga. Nilikuwa nimekaa kando yake na nilimsikia vizuri: "Mama, ni mimi." Upande ule shangazi alisema, "Halo? Halo? Nani huyo?" Mumbi akapaza sauti. "Mama, ni Mumbi." Shangazi akasema, "Hakuna mtu," akakata.

Tulibadilisha simu. Tulibadilisha laini. Kwa daktari aliongea, na daktari akamsikia, akasema koo halina tatizo. Lakini kifaa chochote kilichowekwa kati yake na mtu hakikupitisha sauti yake.

Sasa ndipo alipoogopa. Aliiondoa video. Alikwenda kwa Rasik akachukua chupa zote, tukabandua lebo kwa maji moto, tukaandika mpya kwa mkono: Mafuta ya Sidonie. Tuliandika hadi vidole vikauma. Haikusaidia kitu. Hatukuwa tumeombwa kuandika, tulikuwa tumeombwa kutaja. Alikaa mbele ya simu akalitaja jina hilo mara mia, akirekodi. Mia zote zilitoka kimya. Alipokuwa na sauti hakutaka. Alipotaka, hakuwa nayo.

Mwezi wa Juni nilimpigia shangazi mwenyewe, simu ya picha, nimjulie hali. Mumbi alisimama nyuma yangu amsikie mama yake. Shangazi alikuwa ameketi uani, Jerioth akimshikia simu, mchangamfu, tofauti na nilivyotarajia.

"Mumbi hajambo," alisema kabla sijauliza. "Rafiki yake huniambia."

"Rafiki gani, shangazi?"

"Yule wa kila Jumapili. Kiswahili chake ni cha mbali, lakini ana adabu. Ananiita mama. Juzi alikuja, akanisuka."

Alikigeuza kichwa. Mvi zake zilikuwa zimesukwa kwa uzi mweusi, vijiti vyembamba vilivyosimama wima, vikakutanishwa utosini. Nimeishi kijiji kile hadi nikawa mtu mzima. Hakuna anayesuka hivyo.

"Mikono yake ni baridi," shangazi alisema. "Nikamwambia aote moto, akasema haitasaidia."

Mumbi aliinama juu ya bega langu. "Mama," alisema. "Mama, usimfungulie." Machozi yake yaliangukia shingo yangu. Shangazi alikuwa akitabasamu kuelekea simu, akingoja mimi niseme kitu.

Jerioth aliapa kwamba Jumapili ile hakukuwa na mgeni. Geti lilikuwa na kufuli, na funguo alikuwa nazo yeye kanisani. Alizifumua zile nywele siku iliyofuata simu yangu, shangazi akimgombeza. Hakuthubutu kuuchoma uzi ule. Aliutia kwenye bahasha, akampa jirani aliyekuwa akisafiri kuja Uingereza.

Bahasha ilitufikia Jumatano. Mumbi aliifungua mezani, mbele ya dirisha. Uzi ulikuwa mrefu kuliko tulivyofikiria. Tuliuvuta, tukauvuta. Haukuwa na fundo hata moja. Na ulikuwa umelowa, siku tisa tangu ufungwe kwenye karatasi kavu.

Mumbi aliuachia. Akanigeukia, akaniambia kitu. Niliiona midomo yake ikifunguka na kufumbika, niliona mishipa ya shingo ikimtoka. Tulikuwa tumekaa goti kwa goti, bila simu wala kifaa chochote kati yetu.

Nilisikia friji. Nilisikia basi likipita.