Msikilizaji wa Chumba cha Ustadi

Asubuhi ile Nayyar Jahan alikuwa anaimba sauti ya chini kabisa, ile ya kuamshia koo, aliposikia mtu akimtangulia. Haukuwa mwangwi. Mwangwi hufuata, sauti hii ilifika kabla yake, ikamngoja. Akanyamaza, nayo ikanyamaza. Chumba kikajaa harufu ya mkadi, na nyumba nzima haikuwa na ua hata moja.

Chumba kilikuwa cha marehemu baba yake, ustadi wa uimbaji aliyeheshimiwa mji wote wa Rampur. Tangu azikwe, hakuna aliyeimba mle. Mzee alizoea kuwaonya: "Humu yuko anayesikiliza. Kama moyo si safi, kaimbieni uani." Nayyar aliingia kwa sababu sebule ilikuwa ya Tasneem siku hizi.

Tasneem alikuwa binti wa kaka yake. Nayyar ndiye aliyemlea, ndiye aliyempa kila raga, ile mitindo ya kale ya kuimbia, aliyokuwa nayo kifuani. Zamani Nayyar akiimba redioni, soko zima lilikuwa likinyamaza. Sasa mwaliko wa tamasha la majira ya mvua ulikuwa umefika kutoka mji wa Lucknow, na jina lililotajwa halikuwa lake.

"Shangazi, utakuja kunipigia tanpura?" Tasneem alimuuliza bila hila, akimwonyesha ile ala ndefu ya nyuzi inayovuma nyuma ya mwimbaji.

Akae nyuma, yeye! Nyuma ya mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfuta makamasi!

"Tutaona," alijibu, na chai ikamwia chungu mdomoni.

Ndiyo maana, aliposikia kutoka pembe tupu ya chumba sauti nzito ya kiume ikisema taratibu, "Wah, Nayyar, wah," hakukimbia. Ni miaka hakuna aliyemsifu hivyo. Akaimba tena.

Ikawa desturi yake kila kukipambazuka. Gulbano, mpishi wao, akaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Begum, bibi yangu, mle ndani unazungumza na nani?"

"Na baba."

"Baba yuko kaburini, Begum."

"Basi wewe angalia maziwa yako yasifurike."

Siku moja yule wa pembeni akamuuliza, karibu mno na sikio: "Unataka nini?"

"Wasimsikie," Nayyar akasema. Neno lilitoka kabla hajalipima.

Kabla ya safari ya Lucknow majirani walikuja alasiri kumwombea Tasneem dua na kumsikia kidogo. Tanpura ikavuma. Tasneem akafumba macho, akafungua kinywa. Koo likapanda na kushuka, mkono ukachora hewani, uso ukang'aa kwa raha. Lakini hapakusikika kitu ila nyuzi. Watu wakatazamana.

"Binti, anza basi," mzee mmoja akasema kwa upole.

Tasneem akafumbua macho. "Lakini ninaimba, babu."

"Umeduwaa tu hapo, mwanangu."

"Naimba! Shangazi, waambie! Si unanisikia?"

Nayyar alimsikia. Alimsikia wazi kuliko siku zote, ila sauti ilitoka nyuma ya mlango uliofungwa wa chumba cha ustadi. Akatazama nyuso za wageni. Hakuna mwingine aliyegeuka. Moyo wake ukacheka, kisha ukaogopa kicheko chake wenyewe.

Wageni walipoondoka aliingia mle, akaketi, akaimba raga ambayo baba yake aliipenda kuliko zote, akaiimba kwa nguvu zake zote ili asifiwe.

"Nyamaza," ikasema ile sauti. "Namsikiliza yeye."

Akaendelea kuimba, kwa hasira sasa, akipanda juu zaidi na zaidi, na kila alikopanda sauti ya Tasneem ilikuwa imeshafika, changa, safi, bila jasho, ikizunguka kuta na kumpita masikioni huku mkadi ukimkaba koo kama kitambaa kilicholoweshwa, na katika pembe ile tupu kitu kisichokuwa na umbo kikihema polepole kwa utamu, kama mlevi, bila hata kumjali kwamba yupo, na Nayyar akajua kwamba hata jini wa chumba kile alikuwa amemchagua Tasneem. Akatoka akitambaa.

Gulbano ndiye aliyemwita Hafidhi Latafat, mganga wa kupunga majini kutoka ng'ambo ya mto. Mzee huyo alinusa hewa, akasoma aya zake mlangoni, kisha akaacha ghafla.

"Huyu hakuvamia," akanong'ona. "Amealikwa. Aliyemwomba jambo alitangue kwa kinywa chake, mbele ya aliyedhulumiwa. Na ajue kwamba aliyealikwa haondoki mikono mitupu."

Tasneem alikuwa amesimama ukumbini, macho yamevimba. Nayyar aliutazama mkeka.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuonea wivu, mwanangu. Niliomba wasikusikie. Nalitangua neno langu. Wewe unaimba kuliko mimi, na nimelijua hilo siku nyingi."

Dirisha likajipigiza. Harufu ikapita katikati yao, ikatoka. Tasneem akajaribu sauti moja, na Gulbano akaangua kilio aliposikia.

Tasneem hakumlaani shangazi yake. Alifunga mizigo tu.

"Ungeniambia, Shangazi," akasema akiwa mlangoni. "Ningewaambia Lucknow wakuite wewe."

Habari zikaja kwamba ukumbi mzima ulisimama kwa ajili yake, na kwamba amepanga chumba kulekule, harudi.

Asubuhi iliyofuata, kwa mara ya kwanza tangu alitangue neno lake, Nayyar aliketi sebuleni, akaikumbatia tanpura, akaimba. Sauti ilimtoka laini, nene, kama ya enzi zile za redio. Hata machozi yakamtoka kwa uzuri wake. Aliimba raga nzima, mwanzo hadi mwisho. Gulbano akaingia na chai, akaitua karibu yake.

"Begum," akasema kwa huruma, "mbona unazipiga nyuzi tu? Leo huimbi?"