Sakafu ya Ghorofani

Fundi seremala ninayemsimulia ni jirani yetu, mtu wa sala, asiyeshika msumeno kabla ya kumtaja Mungu. Asubuhi moja dada yake alimwita. Mumewe alikuwa amenunua tangi la samaki la kioo, refu kama kitanda, na alitaka kuliweka ghorofani.

"Kaka, sakafu ya mbao italihimili kweli?"

Tangi likijaa, maji peke yake yangefika kilo mia sita. Fundi alijua ilimpasa ang'oe ubao mmoja, aikague mihimili iliyo chini. Lakini alikuwa na haraka. Aligonga kwa kisigino mara tatu.

"Hata tembo acheze hapa."

"Tembo tunaye," dada alicheka. "Shemeji yako."

Miezi miwili baadaye sakafu iliporomoka. Dada alikuwa chumba cha chini, anapiga pasi.

Msibani watu waliuliza imekuwaje. Fundi aliinamisha kichwa. "Shemeji alilijaza kupita kiasi," alisema. Shemeji hakubisha. Tangu siku hiyo akawa anakula amesimama, kama mtu asiyestahili kiti.

Shemeji huyohuyo ndiye aliyemwita fundi aijenge upya ile sakafu. Saa nane mchana, jua likiwaka dirishani, fundi alipigilia ubao wa mwisho. Akatua nyundo.

Kisigino kikagonga. Kutoka chini.

Mara tatu.

"Shemeji," alinong'ona, "uko chini?"

"Niko nyuma yako. Nimekushikia misumari."

Kikagonga tena. Mbao zikawa baridi chini ya magoti yake. Harufu ya maji ya samaki ikapanda. Kisha sauti, kwenye ufa, taratibu kama mtu anayemwamsha mgonjwa:

"Kaka. Ng'oa ubao."



"Shemeji, sikukagua," fundi alisema bila kugeuka. "Mihimili ilikuwa imeliwa na mchwa. Niliiona siku tulipomtoa. Nikakuachia lawama wewe."

 Shemeji alichukua nyundo, akang'oa ule ubao mwenyewe. Chini palikuwa pakavu. Hapakuwa na mtu.

Akaugeuza. Upande wa chini ulikuwa na alama ya kiganja kilicholowa, kidogo, vidole vitano.

Alimkabidhi fundi ubao ule, akashuka ngazi.

Fundi ameuranda mara nne. Sasa ni mwembamba kama jalada la daftari. Alama haijakauka.