Nyundo Zisizoguswa

Harbans Chhabra alikutwa asubuhi, chali katikati ya karakana yake, fuvu limepasuka. Ubavuni pake ilikuwapo hadubini ya watoto, zile za bei chee alizokuwa akiuza mashuleni India nzima. Kitako cha chuma cha hadubini hiyo kilikuwa kimegandwa na damu.

Inspekta Kamlesh Dahiya hakuwa na haja ya kuuliza mshukiwa ni nani. Mji mzima wa Ambala ulikuwa umeshamhukumu Tarun, mpwa wa marehemu, waliyetukanana naye juzi hadharani kwa ajili ya nyumba ya urithi. Koplo Ranvir alikuwa ameshamtia pingu, na nje ndugu wa marehemu walikuwa wakitaka wapewe wao wamalizane naye.

"Afande, huyu ndiye," Ranvir alisema. "Tumfikishe mahakamani leo leo, tupumzike."

Kamlesh alikuwa akitazama meza iliyokuwa hatua mbili tu kutoka kwenye maiti. Nyundo, patasi na misumeno vilikuwa vimepangwa juu ya kitambaa chekundu, vimefungwa nyuzi na kutiwa maua. Jana ilikuwa sikukuu ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Siku hiyo hakuna fundi wa Ambala anayegusa kifaa cha kazi, hata paa limwangukie.

"Muuaji alikuwa na nyundo saba karibu yake," alisema. "Akaziacha, akaenda mpaka rafu ya kule mwisho kufuata hadubini. Tarun anauza simu. Angeogopa nyundo kwa lipi?"

Ranvir akazihesabu nyundo kwa kidole.

Mchana mtaalamu wa alama za vidole akapiga simu, naye kachanganyikiwa. Kwenye hadubini kulikuwa na jasho la vidole, lakini vidole vyenyewe havina mistari. Kamlesh akashukuru, akachukua funguo za gari. Mafundi walishamwambia kwamba katika karakana ile mtu mmoja tu ndiye aliyesugua lenzi kwa mkono, miaka arobaini, mpaka unga wa kusugulia kioo ukamla ncha za vidole. Alikuwa mzee Ishar Das Dhiman.

Yeye na Ranvir walimkuta barazani kwake, anammenyea mapera mjukuu wake, Rajni, wa miaka tisa. Jicho la kushoto la mtoto halikumfuata mtu. Mzee akamtuma ndani.

"Baba, nionyeshe vidole vyako," Kamlesh alisema.

Akavinyoosha bila ubishi. "Nilijua utakuja, binti yangu."

"Kwa nini ulimuua?"

Akaeleza taratibu, utadhani anamfundisha mtu kazi. Alikuwa amemsihi Chhabra atie kikaratasi ndani ya kila boksi, kuwaonya watoto wasielekeze kile kioo cha chini, cha kukusanyia mwanga, kwenye jua. Bwana mkubwa akakataa, eti wazazi wataogopa kununua. Kisha Rajni akaongoza darasani, babu akamzawadia hadubini. Mtoto akaigeuzia jua la saa sita. Daktari akasema jicho hilo ndiyo basi.

"Mbona hukuja polisi?"

"Nilikuja. Mlininywesha chai, mkaniaga."

Kamlesh aliinamisha macho. Aibu ilimshika kwelikweli.

"Miezi minane nilimwomba kikaratasi tu," mzee aliendelea. "Angekitia, ningemsamehe. Jana, wenzangu walipoondoka baada ya ibada, nikamwomba tena, mbele ya mungu wangu. Unajua alinijibu nini?"

"Alisemaje?"

"Alicheka. Akasema, 'Fundi, acha kulialia. Hadubini inataka jicho moja tu, na mjukuu wako bado analo.'"

Ranvir, aliyekuwa na haraka ya mahakama tangu asubuhi, alishika pingu asijue afanye nazo nini. Kamlesh akamwambia apige simu kituoni, Tarun aachiwe. Pingu akazichukua yeye, akamfunga mzee kwa mikono yake mwenyewe.

"Unajuta, Baba?"

"Najuta ile lenzi iliyomchoma mtoto. Niliisugua mimi," Ishar Das alisema. "Yeye, hata akifufuka leo, nitampiga tena."