Wa Kwanza Kuitikia

Siku ile nilikwenda Lukole kumpelekea mdogo wangu wali, maana Hatibu akishika kompyuta hata tumbo analisahau, na mama alikuwa amechoka kumwona anarudi nyumbani amekauka kama ukuni. Ilikuwa miaka ya mwisho ya kambi ile ya wakimbizi. Malori yalikuwa yakiwarudisha Warundi kwao, na kila ukienda unakuta safu nyingine ya nyumba imebomolewa, imebaki migomba tu na mafiga. Nikapanda gari la mizigo liendalo soko la kambi, nikakaa mbele na sufuria langu mapajani. Jua zuri, dereva mcheshi. Nasema haya mapema ili mjue sikutoka nyumbani nikitafuta mashetani.

Huyo Hatibu mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Baba alikuwa hajiwezi, mama yuko dukani kutwa kuuza vitenge hapo Ngara mjini, basi mtoto akawa wangu. Hata jina lake nilimfundisha mimi. Watu wakimwuliza, "Wewe nani?" anajipiga kifua: "Hatibu wa Da Zulfa!" Mtaa mzima ulikuwa unacheka.

Shirika moja lilimpa kazi ya kufundisha kompyuta kambini. Mashine zenyewe zilikuwa za msaada, kuukuu, zimeletwa zimeng'olewa diski, yaani hazina pa kuweka kumbukumbu. Mwingine angezirudisha. Hatibu akachukua moja iliyokuwa nzima, akaiita Mama, na nyingine zote akaziunga kwake kwa nyaya. Kila moja akaichomekea flopi yenye programu ndogo, Etherboot, hivyo ndivyo alivyokuwa akiitaja. Ni programu ya bure, na wenyewe wameiacha wazi, mtu yeyote aifungue ndani na kuibadilisha apendavyo.

"Tazama, dada," akaniambia, akawasha moja. "Hii ikiamka haijui chochote. Hata jina lake haijui. Inapaza sauti kwenye waya: jamani, mimi ni nani? Mama anaisikia, anaijibu: wewe ni Mninga, namba yako hii, njoo uchukue vitu vyako. Ikishapokea, inapata kila kitu, inaanza kazi."

"Na kesho?"

"Kesho imesahau. Inauliza tena."

"Kwa hiyo kila asubuhi inaamka zuzu."

"Zuzu mtupu," akacheka. "Kama wewe kabla ya chai."

Msaidizi wake alikuwa Leonsia, binti wa Kirundi aliyekulia kambini humo humo, mpole, ananong'ona hata akiomba chumvi. Akaniamkia, "Shikamoo, dada," kisha akamgeukia Hatibu. "Mwalimu, Mvule imefanya tena."

Mashine zote Hatibu alizipa majina ya miti, na Mvule ilikuwa ile ya kona, imeegemea ukuta wa nyuma. Wenzake walikuwa wameandika majina yao juu ya kioo: Mninga, Mkaratusi, Mgunga. Mvule yenyewe ilikuwa imeandika Bukuru.

"Nani kaiandika hivyo?" nikauliza.

"Sijui," Hatibu akasema, amekunja uso. "Kuna kitu kwenye waya kinaijibu kabla ya Mama. Hutokea. Programu hii kwa desturi ikijibiwa haikubali papo hapo, inatega sikio kidogo isikie kama kuna mwingine. Mimi huo muda wa kusubiri nimeufuta. Jenereta tunawashiwa kidogo tu, siwezi kupoteza kipindi mashine zikisikilizana. Sasa inachukua jibu la kwanza, basi."

"Mwalimu, rudisha kusubiri," Leonsia akanong'ona. "Hapa Lukole hatumchukui wa kwanza."

"Kwa nini?"

Hakutaka kusema. Mimi ndiye niliyemlazimisha, nikamvuta kiti, nikamwambia keti mwanangu, sema.

"Tulipovuka mpaka wa Burundi, tulipotezana," akasema. "Chumba hicho nyuma ya ukuta ndimo walimokaa watoto wasio na watu wao. Mzazi akija anasimama mlangoni anaita jina. Alikuwamo mtoto mmoja hajui jina lake. Akina mama wakamwita Bukuru, jina la pacha wa kwanza, kwa sababu akilala alikuwa anabana ukingoni mwa mkeka, anamwachia mtu nafasi. Huyo aliitikia majina yote. Ukiita Fideli, anaruka, 'Karame!' Ukiita Celestini, 'Karame!'"

Karame ni naam ya kwao.

"Anakuja mbio," Leonsia akaendelea, "anauliza, umekuja kunichukua? Mtu anamtazama anasema, si huyu. Kila siku, si huyu. Tukajifunza. Ukiita, wa kwanza kuitikia unamwacha. Unaita tena. Wa pili ndiye wako."

"Akaja akachukuliwa na nani?"

"Hakuchukuliwa, dada. Aliharisha akafa, mle mle ndani."

Mimi ni mwanamke wa duka, nimeona watu wa kila aina, lakini nilijikuta nautazama ukuta ule wa nyuma. Hatibu akapiga kofi mezani. "Haya, poleni. Lakini umeme haujui Kirundi."

Akamzima Mama ili kutuonyesha. Kompyuta zote zikabaki zinauliza bila jibu, kama kuku waliofungiwa nje. Akaizima Mvule, akaiwasha upya. Haikusubiri hata kidogo. Ikaandika Bukuru, ikatulia.

Hapo Hatibu akaisogelea. Akainama, akafuata nyaya kwa vidole. Nyuma ya Mvule akakuta waya mmoja wa zamani umechomekwa kwenye kile kisanduku cha kugawia nyaya, na mwisho wake wa pili umepita kwenye tundu la ukuta kuingia kile chumba. Kisanduku kina taa ndogo kwa kila waya, na taa haiwaki ila upande wa pili kukiwa na mashine. Taa ya waya ule ilikuwa kijani.

"Kumbe kuna mtu kaweka mashine yake huko," akasema, akafurahi. Akachukua ufunguo.

Mvua ya Ngara haina hodi. Alipotoka tu ikashuka juu ya bati, tukamsikia anakimbia kuzunguka jengo. Mlango wa chumba ukalia. Kisha sauti yake ikatoka kwenye tundu, karibu kabisa na goti langu.

"Hamna kitu humu. Chumba kitupu. Waya ninao mkononi, haujachomekwa popote. Taa ikoje?"

"Inawaka, mwalimu," Leonsia akasema.

"Weee! Nimeushika mkononi!"

Akacheka. Nakijua kile kicheko, ni cha fundi aliyeshindwa hataki kuonekana. Tukasikia anapiga magoti, anasogeza mdomo kwenye tundu.

"Basi sasa mimi ndiyo mashine. Nimewaka, sijui kitu. Jamani, mimi ni nani?"

Nilifungua mdomo nimwambie wewe ni mpumbavu, njoo ule wali unapoa. Sikuwahi. Mtu alimjibu. Upande wake. Kwa sauti ndogo, ya haraka, ya mtoto. Neno moja.

"Nimepokea!" Hatibu akasema, bado anacheka. "Asante, Leonsia. Kumbe unaweza kuigiza."

Leonsia alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Taa ya kijani ikazimika.

Akarudi amelowa chapachapa. Akala wali wote, akalalamika hauna chumvi. Akamwasha Mama, akaiwasha Mvule, nayo ikaamka kwa jina lake sawasawa. "Mmeona?" akasema. "Ulikuwa unyevu tu." Tukarudi mjini naye akipiga mluzi njia nzima, na mimi nikajiona mjinga kwa hofu yangu.

Asubuhi mama alikuwa jikoni anasonga uji. Hatibu akatoka chumbani, akasimama ameshika kizingiti.

"Samahani," akasema. "Mimi ni nani?"

Mama akamwambia aende akaoge. Hakucheka. Akauliza tena, kwa adabu, kama mgeni anayeulizia njia. "Wewe Hatibu, niondolee upuuzi!" mama akafoka. Na mara uso wa Hatibu ukafunguka. Akatujua wote, akaijua nyumba, akaomba uji. Kutwa nzima alikuwa mzima. Kesho yake akauliza tena. Na keshokutwa.

Tulihangaika. Hospitali walimpiga picha ya kichwa, hawakuona kitu. Sheikh alisoma mpaka sauti ikamkauka. Mganga wa kijiji cha Nemba tulimwita, akafika getini, akatega sikio, akageuza baiskeli yake. Mchuma janga hula na wa kwao, na sisi tulilila mpaka mama akaugua presha.

Halafu asubuhi moja nikamwita nikiwa nje ya mlango. "Hatibu!"

"Karame!"

Hatibu hajui Kirundi. Nikaingia mbio, na siku hiyo hakunitambua hata nilipomwambia jina lake. Alishinda kibarazani. Mtu akiita njiani, jina lolote, la mama, la mbuzi, yeye anaruka: "Karame!" Loo, siku hiyo nililia kwa sauti.

Nikamfuata Leonsia. Nilimkuta kwenye foleni ya lori, godoro kichwani. Akanisikiliza, akaufumbata mkono wangu kwa mikono yake.

"Umeingia alipoitikia wa kwanza, dada. Usirudie. Ita, aitikie, wewe kaa kimya. Ita tena. Wa pili ndiye mdogo wako. Huyo ndiye umpe jina lake."

Akapanda. Lori likaondoka, sijamwona tena.

Na ilifanya kazi, wallahi. Kila asubuhi nilisimama mlangoni na chai. "Hatibu!" Karame, upesi, kwa hamu. Nanyamaza. Roho inaniuma, lakini nanyamaza. "Hatibu!" Kisha polepole, kama mtu anayepanda kilima: "Naam, dada." Naingia namwambia, "Wewe ni Hatibu wa Da Zulfa." Anarudiwa na vyote. Anakunywa chai, anakwenda dukani kutengeneza simu za watu. Tumeishi hivyo miaka. Kambi imefungwa, pamekuwa pori. Mama tumemzika. Posa zilikuja, nikazikataa, maana nikilala nje ya nyumba hii nani atamwita?

Mwaka huu nikaanza kuona mambo. Hatibu, mwanamume mwenye mvi kidevuni, amekuwa akilala amebana ukingoni mwa kitanda, ameacha nafasi. Na ile sauti ya pili inatoka mbali. Kwanza ilikuwa mbali kama uani. Kisha kama barabarani.

Ijumaa nikaita. "Karame!" Nikanyamaza. Nikaita tena.

Kimya.

Nikaita mpaka chai ikapoa. Nikaita mpaka koo likaniuma. Kimya tu. Nikasukuma mlango. Alikuwa ameketi ukingoni, mikono mapajani, ananitazama. Macho ni yale yale. Aliyemo si yeye.

"Umekuja kunichukua?" akauliza.

Nikautafuta uso wa mdogo wangu katika uso ule. Nilioufuta kamasi. Wa mtoto niliyembeba mgongoni. Sikumwona popote. Nikawakumbuka wote waliosimama mlangoni pa chumba kile, wakatazama, wakasema si huyu, wakaenda zao. Lakini mimi ningekwenda wapi?

"Ndiyo," nikasema. "Nimekuja kukuchukua."

Alilia. Alilia kilio cha mtoto, amenishika kanga kwa ngumi zote mbili. Akanywa chai, akaomba sukari zaidi. Jioni hiyo alilala katikati ya kitanda, amejitanua.

Jana mchana nilikuwa uani naanua nguo, yeye kando yangu ananishikia vibanio. Jua kali, hamna wingu. Ni kiangazi, mvua hatujaiona tangu mahindi yakauke. Getini mtu akaita.

"Da Zulfa!"

Sauti ya Hatibu. Hatibu wangu. Inatweta, kama mtu aliyetembea kutoka mbali sana.

Nguo zikanianguka. Nikafungua mdomo niitike. Aliye kando yangu akanivuta kanga.

"Usiitike," akaninong'oneza. "Huyo ni wa kwanza. Ngoja aite tena."

Nikangoja. Nikangoja mpaka jua likahamia upande wa pili wa ua. Kisha nikaenda mwenyewe kutazama. Barabara ilikuwa tupu. Mbele ya geti, juu ya vumbi, kulikuwa na alama za viatu vya mtu mzima aliyesimama muda mrefu, na vumbi lote la chini yake lilikuwa limelowa maji.

Sijalala. Nimekaa hapa karibu na geti tangu jana, na huyu amelaza kichwa chake mapajani mwangu. Nasubiri aite mara ya pili. Hajaita.