Weupe wa Shayiri

Kila alipotoka shule, Chiriku alikuwa na kazi moja: kumchemshia bibi yake maji ya shayiri. Jina hilo la ndege alipewa nyumbani kwa ajili ya mdomo wake usiojua kupumzika. Bibi alikuwa na wiki mbili kitandani, tumbo limekataa kila kitu. Maziwa ndiyo yaliyomtesa zaidi. Akiyaonja tu, yanarudi. Maji ya shayiri peke yake ndiyo yaliyokubali kukaa.

"Chemsha mpaka yawe meupe," Bibi alimfundisha. "Saa nzima. Usiyaharakishe."

Siku hiyo wenzake walikuwa wakimngoja uani na kamba ya kuruka. Robo saa ikapita, na maji bado yalikuwa maangavu, kitako cha sufuria kikionekana. Chiriku akaitupia jicho chupa ya maziwa ya chai. Kwani weupe si weupe tu? Akamimina kijiko kimoja, akaongeza cha pili na cha tatu, akachuja, akampelekea Bibi, huyoo akatoka mbio.

Bibi alikunywa yote bila kuuliza.

Chiriku aliporudi alimkuta ameinamia beseni, jasho linamtiririka. Shangazi, aliyekuwa akishona chumba cha pili, alisimama mlangoni na mfuko wa shayiri mkononi.

"Ni hii shayiri yenu!" alifoka. "Naitupa sasa hivi!"

"Itupe tu," Bibi alisema kwa sauti ya kukata tamaa. "Hata hiyo imenikataa."

Chiriku alitaka ardhi ipasuke immeze. Angenyamaza, Bibi angebaki bila cha kunywa.

"Usitupe, Shangazi. Si shayiri. Ni mimi... nilitia maziwa."

Shangazi aliushusha mfuko. Kisha akamwekea sufuria mbele na kumsimamia saa nzima. Uani kamba iliendelea kupiga chini.

Baada ya siku nne Bibi aliweza kuketi. Chiriku alipompa kikombe, Bibi alikinusa kwanza, ndipo akanywa.

"Bibi, ni shayiri tupu! Haki ya Mungu!"

"Najua."

"Mbona unanusa?"

Bibi alikishusha kikombe. "Ulisema kweli, ndiyo maana leo nina cha kunywa. Lakini mgonjwa haoni ya jikoni. Anakunywa kwa kumwamini aliyempikia. Ukimdanganya mara moja, kumrudishia imani ni kazi ya siku nyingi. Tumbo limepona, mjukuu wangu. Pua ndiyo bado."

Machozi yalimlengalenga Chiriku. Akachukua kikombe kitupu, akarudi jikoni kuosha shayiri ya kesho.